Kumtafuta Bibi Kichwani Mwangu

Juzi nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha fundi simu nikisubiri simu yangu. Fundi akachukua pasi ya kulehemu, akaigusisha kwenye waya wa risasi, na moshi mwembamba ukapanda kati yetu. Ilikuwa harufu ileile ya zamani, tamu kidogo na kali kidogo, inayokaa puani hata ukiondoka. Fundi akaniuliza mara mbili, "Mama, kuna tatizo?" Nikamwambia hapana mwanangu, endelea na kazi. Ningemwelezaje kwamba mtu mzima mimi, mwenye wajukuu, nimesimama pale najiuliza tena swali nililolianza nikiwa darasa la nne: je, bibi yangu aliwahi kuingia kichwani mwangu, au hakuwahi?

Wa rika langu mtakumbuka wakati ule. Viwanda vya Morogoro vilikuwa vinauzwa kimoja kimoja, na kila kimoja kilipouzwa kulikuwa na baba za watu wanaokaa barazani asubuhi bila kujua waiweke wapi mikono. Baba yangu, mtu wa Tabora aliyeletwa mjini na kiwanda, alipunguzwa kazini akiwa bado na nguvu zake. Hakukaa barazani. Alichukua ufundi wake wa umeme, akapata kibanda jirani na stendi ya Msamvu, akaanza kutengeneza redio. Redio nazo zilikuwa zimejaa ghafla. Zamani mtaa mzima ulikuwa na redio tatu na sauti moja, kwa kuwa stesheni ilikuwa moja. Sasa kila kitu kilikuwa ruksa, kila kijana anarudi Dar na redio ya kaseti begani, na ukiwa na waya mrefu na bahati unaweza kunasa stesheni mpya zinazokwaruza. Mimi nilitoka shule moja kwa moja hadi kibandani, nikakaa kwenye kreti la soda na kumtazama baba akifungua migongo ya redio.

Bibi yangu mzaa mama, Bibi Mwamvita, aliishi mlimani, juu ya misheni, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka kwetu. Alilima maharage na kabichi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko jembe lake. Halafu siku moja akateremshwa kwa machela. Alikuwa amepooza upande wa kulia na maneno yalikuwa yamemwishia. Alikaa kwetu, kwenye kitanda changu, miezi kadhaa. Aliweza kula, aliweza kunitazama, aliweza kunishika kidole kwa mkono wa kushoto. Kusema hakuweza. Ilitoka "ba, ba, ba" tu, na alipoisikia mwenyewe alikasirika mpaka machozi yakamtoka.

Nilimuuliza baba, "Bibi bado yumo?"

Baba alikuwa na redio mbele yake, bubu. Akaipigapiga kwa kidole. "Hii unaionaje? Imekufa? Stesheni ipo palepale hewani, inasema kama kawaida. Kilichokufa ni kitu kidogo humu ndani. Bibi yako yupo. Redio ndiyo mbovu."

Lilinikaa vizuri jibu hilo mpaka nilipompelekea mama. Mama alikuwa anamgeuza bibi ubavu ili asipate vidonda. "Mwambie baba yako mama yangu siyo redio," akasema. "Anaumwa mgongo huu ninaousugua. Stesheni inaumwa mgongo?" Nilirudi Msamvu na swali hilo kama mpeleka barua. Baba alikuna kichwa, akasema wanawake wa Kiluguru hawabishiki.

Bibi alifariki asubuhi moja wakati mama anachota maji. Tulimpandisha kwao, tukamzika. Na baada ya mavuno, ukoo ukakutana kurithisha jina.

Kwa wasiojua desturi yetu: Mluguru ni wa upande wa mama, wa lukolo, yaani ukoo, wa mama, na katika ukoo wetu jina la mkubwa halizikwi pamoja naye. Anatafutwa mtu wa kulibeba, na tangu siku hiyo ndugu wanamwita na kumheshimu kama walivyomheshimu marehemu. Mjomba Florian, kaka mkubwa wa mama, alinichagua mimi. Nilinyolewa nywele, nikakalishwa kwenye mkeka, nikafungwa khanga ya bibi ambayo bado ilikuwa na harufu ya ugoro wake, nikapakwa unga kwenye paji la uso. Katekista alikuwa amekaa pembeni akitazama migomba kwa makini sana, ili asije akawa ameona kitu. Mjomba akatangaza, "Mwamvita amerudi. Huyu hapa." Kina mama wakapiga vigelegele.

Wakubwa wote pale walijua kwamba lililorudi ni jina. Mimi mtoto ndiye niliyeyachukua maneno kama yalivyo. Amerudi, huyu hapa, maana yake ameingia ndani yangu kupitia ule unga. Nilikaa nikisubiri kuhisi kitu. Nilichohisi ni upara kuwasha.

Hapo ndipo mtani mmoja wa ukoo, mwanamke mwenye maneno mengi, alipopiga magoti mbele yangu kwa kejeli. "Haya Bibi Mwamvita, umetusumbua. Ufunguo wa sanduku lako umeuweka wapi? Tumepekua nyumba nzima!"

Nikajibu, "Kwenye chungu cha mbegu za maharage."

Wakaenda, wakaupata. Nyumba ikalipuka kwa vigelegele na mtani mwenyewe akaacha mdomo wazi. Mimi nilijua sababu. Likizo ya mwisho kabla bibi hajaugua, nilikuwa nimelala chini ya kitanda chake nikijificha nisipelekwe kuteka maji, nikamwona bibi akiuficha ufunguo kwa macho yangu mwenyewe. Nilitaka kusema. Lakini mjomba alikuwa ameshaanza kulia kwa furaha, na mtoto gani aliyenyolewa na kushangiliwa na ukoo mzima atainuka aseme nilichungulia? Nikanyamaza, na kunyamaza huko kukanigharimu.

Maana jioni ile Bibi Apolonia alinijia. Alikuwa mdogo wake bibi wa mwisho, mwembamba, mwenye mgongo ulioinama kama mundu. Mwanamke wa umri ule akaniinamia mimi akasema, "Shikamoo, dada." Niliona aibu nikatazama chini. Akanikamata mkono. "Nilikuwa siamini mambo haya. Lakini ufunguo nimeusikia kwa masikio yangu. Dada, tangu nikiwa mtoto hukuwahi kupokea kitu mkononi mwangu. Sikulaumu leo, hujatulia. Ukishatulia humo ndani, niambie kama umenisamehe. Sitaki kufa hivi."

Usiku nilimuuliza mama kisa chake. Akanieleza kwa mkato. Kabla mama hajazaliwa, bibi alikuwa na mtoto mchanga wa kiume. Mtoto akashikwa na homa kali. Apolonia, ambaye alikuwa kisichana tu, akatumwa misheni kumwita sista muuguzi. Alirudi jioni akasema sista hayupo. Mtoto akafa usiku uleule. Baadaye ikajulikana sista alishinda zahanati siku nzima, na Apolonia hakufika hata mlangoni.

"Kwa nini?"

"Haijulikani. Mama hakumuuliza. Alinyamaza tu. Walilima bonde moja, wakasali kanisa moja, lakini hakumsemesha wala hakupokea hata chumvi yake."

Kwa hiyo nilirudi mjini na kazi nzito kuliko zote nilizowahi kupewa. Mwanamke mzee alikuwa anasubiri jibu, jibu lilikuwa kwa marehemu, na marehemu, kwa ushahidi wa ukoo mzima, alikuwa kwangu. Ilibidi nimpate.

Nilianza kwa kutafuta mahali nilipo mimi mwenyewe, ili nijue nafasi iliyobaki. Nilifunga macho nikajisikiliza. Mikono ilikuwa yangu, lakini siyo mimi, maana niliweza kuitazama. Tumbo nalo vilevile. Nikaona kama nimekaa nyuma kidogo ya macho, juu ya pua. Nikamuuliza rafiki yangu wa dawati moja yeye amekaa wapi, akasema kifuani. Tuligombana nusu saa nzima. Kilichonishangaza siyo kwamba alikosea, ila kwamba hapakuwa na namna ya kwenda kuangalia.

Halafu nikajaribu vitu vya bibi. Bibi alipenda ugoro, basi nikaiba ule uliobaki kwenye kopo lake, nikanusa. Nilipiga chafya kumi na moja na kutokwa na damu ya pua. Bibi alichukia bamia. Mimi niliendelea kuzipenda kwa aibu kubwa, nikajisikia kama ninamsaliti mtu kila nikimeza. Nilikaa na khanga yake nikisubiri kukumbuka kitu ambacho sikukiona. Zilikuja kumbukumbu zangu tu: bibi akicheka, bibi akinifinya sikio, bibi na ufunguo. Zote nilikuwa nimeziona kwa nje.

Nyumbani baba alikuwa ameupata mchezo. Kwa kuwa nimekuwa mama mkwe wake, nikiingia chumbani anainuka, anatazama pembeni, anasema, "Karibu mkwe, nipishe nipite," na anakataa kukaa nami mkeka mmoja. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimfuata kibandani nikamuuliza swali lililokuwa likininyima usingizi.

"Baba, redio moja inaweza kushika stesheni mbili kwa pamoja?"

"Inaweza, zikikaribiana sana. Lakini hutasikia hata moja. Zinakwaruzana."

"Na ukitaka uisikie moja?"

"Unazungusha mpaka nyingine ipotee."

Hapo nikaingiwa na hofu ya kweli. Ikiwa bibi atakuja, mimi nitazungushwa niende wapi? Nitakuwa bado naona, ila siwezi kusema, kama yeye pale kitandani kwangu? Baba aliniona uso, akaweka pasi ya kulehemu chini. Nikamwambia yote, ufunguo, Bibi Apolonia, kila kitu. Alisikiliza bila utani, na kwa baba yangu hilo lilikuwa jambo la kuandikwa.

"Mimi nilisema redio kwa sababu redio ndizo ninazozijua," akasema mwishowe. "Ningekuwa mshonaji ningekwambia nguo. Ndani ya kichwa cha mtu sijawahi kufungua, mwanangu. Siri ya mtungi aijuaye kata."

Kwa hiyo hata yeye hakujua. Nilishangaa kuliko nilivyosikitika. Nilikuwa nimedhani kuna mtu mzima mmoja mahali fulani anayejua mtu amekaa wapi ndani ya mwili wake, na kwamba siku moja nitafikishwa kwake.

Likizo haijafika ikaja habari kutoka mlimani. Bibi Apolonia alikuwa kitandani, siku ya nne hali chakula, na anamtaka dada yake. Mama alifunga mzigo, tukapanda. Tulipokuwa nusu ya njia ukungu ukashuka, ule ukungu wa Uluguru unaokuja bila kuaga, na tulipoipita misheni tukafika kwenye mto wenye gogo lililolazwa kuwa daraja. Nilikuwa nimelivuka mara nyingi jua likiwaka. Siku ile sikuona ng'ambo. Mama alinitanguliza, akanishika gauni kwa nyuma. Katikati ya gogo miguu yangu ikasimama. Mimi niliiambia twende. Nakumbuka vizuri, niliiambia kwa maneno kabisa, na miguu haikwenda. Ilikuwa inatetemeka yenyewe kwa shauri lake, na mimi juu kule nyuma ya macho nikiitazama kama miguu ya mtu mwingine. Mama alinisukuma hatua kwa hatua mpaka nchi kavu. Tulipofika nyumbani kwa Bibi Apolonia alikuwa amelala, hivyo niliitwa kwake kesho yake asubuhi.

Chumba kilikuwa na giza na moshi wa jikoni. Alimwambia mama, "Tuache, nina maneno na dada." Mama akatoka. Bibi Apolonia alikuwa amebaki macho tu. Akasema, "Haya. Umeshatulia?"

Njia nzima nilikuwa nimebeba majibu mawili. Moja lilikuwa rahisi: nimekusamehe. Neno moja, na mzee anapumzika. Lakini lingekuwa la uongo, na uongo wa jina la mtu aliyelala kaburini uliniogopesha. Nikatoa lile la pili.

"Bibi, nimemtafuta. Nimemtafuta sana, kila siku. Hayumo. Niko mimi peke yangu. Ule ufunguo nilimwona akiuficha."

Aligeukia ukutani taratibu, akajivutia blanketi begani. Nilitazama ule mgongo, na nikajua kwamba nimemuua. Halafu kitu kikanipanda. Sikukiita, kilitoka chini tumboni kikiwa cha moto, na kilipofika mdomoni kilikuwa hakina shikamoo wala Bibi wala adabu yoyote.

"Kwa nini hukufika kwa sista?"

Ule mgongo ukatulia.

"Mtoto alikuwa anakufa na wewe umetumwa! Kwa nini hukufika?"

Akageuka. Ilimchukua muda mrefu kugeuka. "Rudia," akasema.

Sikuweza kurudia, nilikuwa nimeanza kulia kwa hofu ya nilichofanya. Lakini yeye uso wake ulikuwa umefunguka. "Maisha yote," akasema, "nimengoja aniulize. Angenipiga, angenitukana, ningemwambia. Alinyamaza. Mtu akinyamaza utaanzia wapi?" Kisha akanijibu, na jinsi alivyonijibu sikuweza kujua anamjibu nani. "Nilikuwa kama wewe hivi. Nilikimbia mpaka mtoni. Ukungu ukashuka. Niliweka mguu kwenye gogo nikautoa. Nikauweka tena nikautoa. Nikasema ukungu utaondoka sasa hivi. Nikakaa chini nikalia, na ulipoondoka jua lilikuwa linazama. Nikarudi nikasema sista hayupo."

"Ungesema uliogopa."

"Nimwambie nani? Mtoto anakata roho mapajani kwake. Nimwambie niliogopa gogo?"

Hasira ile nimeipimapima maisha yangu yote. Pengine ilikuwa ya mtoto tu asiyependa dhuluma. Pengine ni ulimi wa ukoo wetu. Mama anao, binti yangu anao, unarithiwa kama meno. Nimesomea ualimu, nimefundisha watoto wa watu juu ya ubongo na mishipa ya fahamu, nimewachorea ubaoni, na bado sijui ilitoka wapi. Ninachojua ni kwamba miezi yote ile nilikuwa nikimtafuta bibi kichwani, na asubuhi ile nilichokihitaji kilikuwa miguuni. Miguu yangu ililifahamu lile gogo. Hakuna aliyehitaji kunieleza.

"Jana na mimi miguu ilikataa," nikamwambia. "Niliiambia iende, ikakataa. Ila mimi mama alikuwa nyuma."

"Wewe mama alikuwa nyuma," akarudia.

"Nimekusamehe, Bibi."

"Nani anasema?"

"Mimi."

"Wewe mjukuu wangu, au wewe dada?"

Nilifumba macho nikachungulia, kama nilivyokuwa nimezoea. Nilitafuta kwa bidii ya kweli mahali ambapo ningesema huku ni kwangu na kule ni kwake. Sikupaona.

"Sijui, Bibi," nikasema. "Lakini hasira haipo. Nimeangalia humu ndani mote, haipo."

Alivuta pumzi ndefu, akashika ukingo wa kitanda, akajaribu kujiinua. Nikamsaidia. Alikuwa mwepesi mno. Akakaa, akajifuta macho na pindo la khanga, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyetoka shamba, "Mwambie mama yako, ambaye najua amesimama hapo mlangoni, akoroge uji. Nina njaa."

Alikunywa bakuli zima, akaomba jingine.